Mtume Petro Ana Wakamwana

Namshukuru Mungu kwa kunipa kipaji cha kuchora, na namshukuru zaidi kwa kunipa wateja, maana bila wao ningekufa na majivuno. Hakuna dawa ya majivuno inayoshinda kumchorea mtu wa Kyela samaki kwenye ukuta wa hoteli yake. Unakaa juani kutwa ukimpaka magamba, moja baada ya jingine, kisha mwenye hoteli anatoka na mswaki mdomoni, anautazama ukuta, anasema, "Mzee, huyu samaki mbona hajaiva?"

Nimechora vichwa vya saluni visivyofanana na kichwa cha mwanadamu yeyote, kwa kuwa kinyozi alitaka mitindo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuinyoa. Nimeandika majina ya marehemu kwenye misalaba huku ndugu wakigombana nyuma yangu. Na kwa miaka mingi nimechora picha za vijitabu vya watoto wa shule ya Jumapili. Wahariri wa vijitabu hivyo wanakaa mjini, mbali sana na huku, na ni wacha Mungu. Ndiyo maana waliniambia kwa upole kwamba safina yangu ya Nuhu haina twiga. Ilikuwa na ng'ombe, nguruwe, fisi, kiboko na kima. Niliwajibu kwamba huku kwetu kwenye migomba na mpunga sijapata kuonana na twiga. Wakasema Nuhu alionana naye. Nikachora twiga. Alitoka kama mbuzi anayechungulia dukani, na watoto wa Kyela wanamjua hivyo mpaka leo.

Siku hizi mashine za kuchapa mabango zimenipumzisha, na kwa hilo pia nashukuru. Mabango yanashuka kutoka Mbeya yamekunjwa kama mikeka, yana picha za wageni wenye meno meupe wanaochekelea sahani ya wali wa mpunga usiolimwa hapa. Mvua zetu zikiyanyeshea msimu mmoja tu, meno yanabaki na watu wanatoweka. Hapo ndipo naitwa nipake mlango.

Kwa hiyo usharika wetu ulipomaliza kanisa jipya, na wazee wakaniita nichore ukuta wote wa mbele, nyuma ya madhabahu, nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri ukuta ambao hauuzi kitu. Na nilijua hautakuja mwingine. Jicho langu la kushoto limeanza kuona ukungu hata kiangazi, na la kulia linamfuata mwenzake kama mke mwema. Ukuta ule ndio ulikuwa kazi yangu ya mwisho, na nilitaka nikiondoka ubaki.

Nilichagua habari ya Petro kutembea juu ya maji. Sikwenda Galilaya kutafuta ziwa wakati letu lipo. Nikaweka milima ya upande wa Matema, ile ya bluu inayoingia majini bila kuaga. Nikaweka mtumbwi wa mti mmoja, na ndani yake mitume wamejikunja kama watu wa Ikombe wakirudi na upepo mbaya. Bwana nikampa kanzu nyeupe na mkono ulionyooshwa. Akabaki Petro. Nilihitaji uso wa mtu anayejiamini kupita kiasi muda mfupi kabla ya kuzama.

Mungu akaniletea mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Alikuwa mzee mwenzangu, tumebatizwa pamoja, na kila siku alikuja kukagua kazi. Ukaguzi wake ulikuwa wa namna moja: anavuta benchi mpaka mbele, anakaa, anageuza uso upande ili mwanga wa dirishani umpate vizuri, kisha ananyamaza. Akinyamaza sana anakohoa, ili nisimsahau.

"Petro alikuwa mtu wa namna gani?" aliniuliza siku moja.

"Alikuwa na haraka, tata. Anasema kabla hajafikiri," nikajibu, nikimwita baba kwa heshima ya kwetu.

"Lakini kiongozi."

"Kiongozi."

"Mwenye kipaji cha uso kipana, nadhani," akasema, akajipapasa kipaji chake cha uso.

Nikamchora. Nilimchora kwa upendo, naapa, pamoja na majivuno yote. Na kwa kuwa majivuno ni rahisi kuchora, alitoka sawasawa. Alipojiona alitoa simu, akajipiga picha akiwa chini ya nafsi yake, akazituma kwa wanawe wote. Jioni ile alinipigia kunijulisha kwamba uso wake umeshavuka mto Songwe na kufika kwa ndugu zake Karonga, ng'ambo ya mpaka. Baraza la wazee likaja, likatazama, likasema, "Ndaga, ndaga fijo," yaani asante, asante sana. Wazee wote wale, wenye mvi na hekima na wana waliooa, walisimama mbele ya ukuta wakashukuru, wala hakuna aliyeona kosa. Na mimi sikuliona.

Jumapili ya kwanza kwaya ya akina mama ilisimama kuimba. Mahali pao ni pembeni, wakiwa wameuelekea ukuta wa mbele. Wakaimba wimbo wa kusifu wakiwa wameinamisha vichwa kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Sauti zilishuka zikaishia sakafuni. Jumapili iliyofuata wengine walijifunika kanga mpaka puani. Ya baadaye, nusu ya kwaya iliugua, ugonjwa uleule, wa siku ileile, wa saa za ibada tu.

Mchungaji wetu ni kijana mzuri wa Njombe, mwenye elimu kubwa ya chuo. Aliona jambo hilo akaelewa mara moja kwamba ni dhambi. Akahubiri kwa moto juu ya watu waliopoteza furaha ya wokovu, wanaotazama chini kama Kaini. Akina mama wakazidi kutazama chini.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Kwaya yenu imepoa sana siku hizi."

Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama kuku aliyeingia chumbani.

"Hivi kweli hujaona?"

"Nimeona nini?"

"Mwanamume mzima, umesoma Biblia mpaka nywele zimekwisha! Kwaya ile ni akina nani?"

"Ni akina mama wa usharika."

"Ni wakamwana wa nani?"

Nikazitazama ndizi. Nadhani hata ndizi ziliona aibu.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu Unyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwanao, hamtazami baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake halitaji. Si chuki, ni heshima, na kwetu heshima huonekana miguuni kuliko mdomoni. Wasomi walitangaza zamani kwamba desturi hii inakufa. Wasomi wale wamekufa, desturi ipo. Mjini imelegea kidogo, lakini nyumbani kwa mwenyekiti imekaza kama kamba ya mtumbwi. Mwenyekiti ana wana wengi, wana wote wameoa, na wake zao ndio sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu ya kwaya yetu. Kanisani walikuwa wamejipangia vizuri siku zote: wao wanaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, yeye anakaa nyuma ya nguzo, na Injili inawafikia wote. Sasa mimi nilikuwa nimemtoa nyuma ya nguzo, nikamtundika ukutani, mkubwa kuliko alivyo, anawatazama.

Nitajitetea kidogo. Mungu alinipa mabinti watupu, na kwa hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kuingia migombani kwa ajili yangu. Mtu asiyeogopwa na yeyote husahau kwamba wenzake wanaogopwa. Nami pia, sitaandika jina la mwenyekiti humu. Nimejifunza kwa wakamwana wake.

Nikaenda mtaa wa Mbugani kununua rangi. Mwenye duka la rangi ni Mwislamu, babu yake alikuja kutoka pwani, na tumetaniana tangu duka lilikuwa la baba yake. Nilimweleza masaibu yangu. Alicheka mpaka akaegemea makopo.

"Mzee wangu," akasema akijifuta macho, "sisi wenzenu tulimaliza mambo haya zamani. Ukuta wa ibada unapigwa chokaa, mtu anaswali, anarudi kwake salama."

"Na wewe humwogopi mkwe wako?"

"Wangu yuko Tanga. Akipiga simu naipokea nimesimama. Lakini hajawahi kunitokea kwenye kibla!"

Wazo langu lilikuwa rahisi: nimfute, nimweke Petro mwenye uso usio wa mtu yeyote. Nikampelekea mwenyekiti. Akanisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesoma barua ya kufukuzwa.

"Kwa hiyo natolewa kwenye utume," akasema.

"Hutolewi, tata. Wakamwana wako hawawezi kuimba."

"Karonga wameshaniona. Nikifutwa watasema nimefanya nini?"

"Watasema umeachia nafasi wengine."

"Yuda ndiye aliyeachia nafasi wengine."

Kwa Maandiko hakuna wa kumshinda mtu anayejitetea. Zaidi ya hapo, mke wangu aliniambia nisijisumbue. "Hata ukimpaka uso wa Mchina," alisema, "wote wanajua nani yuko chini ya rangi. Mkwe haondoki kwa kupakwa."

Wakati huo mchungaji alikuwa ameshaelezwa habari yenyewe, na tumpe haki yake, aliacha kuhubiri juu ya Kaini. Lakini Askofu alikuwa anakuja kuzindua kanisa, na kwaya ilikuwa lazima iimbe, na iimbe ikionekana ina uso. Baraza likakaa. Likaamua kwamba nikishindwa kurekebisha kabla ya Askofu kufika, ukuta wote upakwe nyeupe na uwekwe msalaba wa mbao. Ndoo ya rangi nyeupe ikanunuliwa mapema, ili kunitia moyo, ikawekwa pale chini ya picha. Kila nilipopanda jukwaa niliikanyaga kwanza.

Hapo nikapata akili kubwa. Nikamgeuza Petro. Sikumwondoa, nilimgeuza tu: sasa anamwelekea Bwana, na sisi tunaona mgongo wake. Uso hauonekani tena, utume unabaki. Mwenyekiti alilalamika siku nzima, kisha akakubali kwa sharti kwamba mgongo uwe wa heshima. Nikamchora mabega yaliyoshuka upande mmoja, shingo fupi, na ule mwendo wake wa kutupa mguu wa kulia kama anayepiga teke chungwa. Nilijivunia mgongo ule. Nilimwita mke wa mwana wa kwanza wa mwenyekiti, kiongozi wa kwaya, aje auone kabla ya Jumapili.

Aliingia kwa mlango wake mdogo. Alinyanyua macho, akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mimbari.

"Mwanangu, vipi? Si nimemgeuza?"

"Ndaga, tata," akasema kutoka nyuma ya mimbari. "Umetuua kabisa."

"Lakini uso haupo!"

"Uso ule mimi niliambiwa tu na watu kuwa ni wake. Uso wake nitaujulia wapi? Tangu nimeolewa namwona akishapita. Huo mgongo ndio ninaoujua. Hata mguu unautupa hivyohivyo!"

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi nyeupe. Maisha yangu yote nimetamani mtu atazame kazi yangu na kuingiwa na hofu takatifu. Mungu hujibu maombi, ila hachagui siku.

Yule mama alinionea huruma. Alizungumza bila kutoka alipojificha, na nilisikia kwamba sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, haina wasiwasi.

"Mbona sasa unaongea vizuri?" nikamuuliza.

"Si kuna mimbari katikati?" akasema. "Nyumbani ni hivyohivyo. Akitaka jambo anasimama nje anakohoa, mimi niko ndani, tunaongea vizuri tu, tunacheka hata. Kuna ukuta kati yetu. Ila hapa, tata, ukuta wenyewe ndio yeye."

Alipoondoka nilibaki nimeukodolea macho ukuta, jicho moja zima na moja la ukungu. Nimeisoma habari ile ya Petro tangu utoto, nimeifundisha, nimeichorea vijitabu. Sikupata kujiuliza kwa nini nimeishia kwenye aya anapotembea, wakati aya inayofuata anazama. Bila shaka ni kwa sababu wenyeviti wote wa kamati huishia aya ileile.

Usomaji ukiisha kazi huanza. Nilichanganya bluu ya milima na kijani ya ziwa linapochafuka, nikaleta wimbi. Wimbi kubwa, kama yale yanayovunja mitumbwi Matema upepo wa kusini ukikaza. Nikalipitisha juu ya mguu unaotupwa, juu ya mabega, juu ya shingo, nikamfunika mtume mzima kama mtu anavyojengewa ukuta wa matofali. Juu ya maji nikaacha nafasi ya mkono mmoja tu, na karibu yake mkono wa Bwana unaouelekea.

Kabla ya kuuchora nilimuuliza mke wangu kama mkono nao unaogopwa.

"Mkono?" akasema. "Si ndio unaopokea sahani mlangoni? Mkono hauna neno."

Ikabaki kumwambia mwenyekiti kwamba amezama.

Alikuja, akasimama mbele ya ukuta, akajitafuta. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akachungulia ndani ya mtumbwi.

"Niko wapi?"

"Humo ndani ya maji, tata."

"Nimekufa?"

"Bado. Uko kwenye kusema, 'Bwana, niokoe.'"

Safari hii hakukohoa. Nikamwambia ukweli wote: kuhusu wakamwana wake, kuhusu wimbi ambalo ni ukuta, kuhusu ndoo. Nikamwambia kwamba mimi nami ninazama, kwamba hii ndiyo picha yangu ya mwisho na nitamshukuru akinisaidia ibaki. Sikuipamba. Tumezeeka pamoja, angejua.

"Huo mkono utakuwa wa nani?" akauliza.

"Sijapata mtu."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya ndoo ya rangi nyeupe. Akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye benchi lake na kunyoosha mkono juu.

Kumchora mtu mkono ni kazi ndefu. Mwanzoni aliushikilia kama anayeomba nafasi ya kusema kikaoni, vidole vimekaa sawa, kiganja kina cheo. Sikuchora kitu. Nilichanganya rangi, nikasafisha brashi iliyokuwa safi. Kiwiko kikaanza kushuka.

"Umemaliza?"

"Karibu, tata. Vumilia."

"Unanitesa."

"Nakusubiri."

Ndipo vidole vikaachana. Mishipa ikajitokeza, kiganja kikaanza kutetemeka, na mkono ule ukawa mkono wa mzee aliyelima mpunga na kuzika watu, unaotafuta kitu cha kushika. Nikachora haraka kadiri macho yalivyoniruhusu. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikuuona uso wake, wala sikuutaka.

"Nishike basi," akasema, "nitaanguka."

Nikatupa brashi nikaenda kumshika. Mkono wangu ulikuwa na bluu, ukamchafua mpaka kwenye shati, naye hakugomba. Tulikaa pale kwenye benchi tukipumua kama watu waliovuta mtumbwi.

Askofu alikuja Jumapili ile, akachelewa kama inavyowapasa maaskofu. Kwaya iliingia kwa mlango mdogo. Nilikuwa nimekaa mbele, na nakiri kwamba nilifumba macho, kwa maana sikuwa na hakika kama nitaomba au nitakimbia. Wimbo ukaanza. Nikasikia kwanza sauti ya kiongozi, ya yule mama, nayo haikuanguka sakafuni. Ilipita juu ya kichwa changu ikagonga bati. Nikafumbua. Wamesimama wote, vichwa juu, wanauimbia ukuta, na mmoja wao anaunyooshea kidole kabisa wakati wa kiitikio. Mchungaji wa Njombe alilia. Alidhani ni mahubiri yake.

Baada ya ibada Askofu alisimama mbele ya picha na wazee wote nyuma yake. Mwenyekiti alijipenyeza mpaka akafika ubavuni.

"Baba Askofu," akasema, "mkono ule ni wangu."

Askofu akatazama. Ukutani mikono ilikuwa miwili, mmoja unashuka kutoka juu, mmoja unatoka majini.

"Upi?" akauliza.

Nilimwona mwenyekiti akiutazama mkono wa juu. Aliutazama sana. Kisha akarekebisha koti lake.

"Wa chini," akasema. "Unaookolewa." Na alilisema kwa sauti ileile anayotajia cheo.

Nyuma ya nguzo mtu akaguna, halafu kicheko kikatoka, cha mwanamke mmoja, kisha cha wote, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwenyekiti hakugeuka. Desturi inamfunga yeye pia: baba mkwe hasikii wakamwana wake wakimcheka. Alisimama wima mbele ya ukuta, hasikii, mabega yakimtikisika.